UZI: Krauni imechomoka? Kabla hujashika supaglu, tuongee simenti ya meno

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni meno, niko Kigoma mjini. Uzi huu sitangazi kliniki, sitaji bei, na tafadhali msinitumie picha za vinywa vyenu inboksi. Nimechoshwa na jambo moja tu: watu wanaingia na krauni (ile kofia ya chuma au kauri inayovishwa jino lililochongwa) iliyogandishwa kwa supaglu, halafu wanalalamika kwamba "simenti ya mwanzo ilikuwa feki".

Inawezekana ilikuwa mbovu. Lakini wengi hawajui simenti inafanya kazi gani, ndiyo maana kila lawama inaangukia kwake.

Kinachobeba krauni ni jino lenyewe, jinsi lilivyochongwa. Kuta zikisimama karibu wima, zikiinama nyuzi chache tu kuelekea juu, na kimo kikafika milimita nne kwenye magego au tatu kwenye meno mengine, krauni inashika hata ukiijaribisha bila kitu ndani. Simenti inakuja kujaza mwanya uliobaki, ili mate na vijidudu visipenye, na kuizuia krauni isirudi njia iliyoingilia. Jino likichongwa likabaki mfano wa kichuguu, juu limechongoka na kimo hakuna, utabadilisha simenti zote za dunia na krauni itatoka tu.

Mwanya huo ni mdogo sana. Kwa simenti za kubandikia zinazokorogwa kwa unga na maji yake, kipimo cha kimataifa kinataka utando usizidi mikroni 25, yaani sehemu 25 za elfu moja ya milimita. Ikikorogwa nzito kuliko hapo, krauni haishuki mpaka chini. Mgonjwa anafunga mdomo, krauni inagusa kabla ya meno mengine, na ukingoni kunabaki ufa wa kuingiza uozo.

Sasa aina zenyewe. Sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazitumiki sawa.

Kongwe ni zinki fosfeti. Ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1870 na bado inafanya kazi. Unga wake ni oksidi ya zinki na magnesi kidogo, maji yake ni asidi ya fosforiki. Haigandi kwenye jino kikemia; inaingia kwenye mikwaruzo midogo ya jino na ya krauni, inakauka humo, inafunga. Ikichanganywa inatoa joto, kwa hiyo unga unagawanywa mafungu, unaanza na dogo kabisa, unakoroga kwa kusambaza kwenye kioo kinene kilichopozwa. Ukimimina unga wote kwa pamoja inakugandia mkononi. Na hapa Kigoma kuna mtego ambao vitabu vya nchi za baridi hugusia kwa mstari mmoja: kioo ukikitoa kwenye friji msimu wa mvua, kinatoka jasho papo hapo. Yale matone yakiingia kwenye asidi, simenti inaganda haraka na inakuwa dhaifu. Kioo kiwe baridi lakini kikavu; ukiona ukungu juu yake, subiri ukauke au futa kabla hujamimina chochote. Chupa nayo usiiache wazi. Maji yake yakianza kuwa na wingu, yamwage.

Kwa kuwa mwanzoni ina asidi kali, jino ambalo neva yake bado hai linaweza kuuma saa za kwanza. Hutulia kadiri asidi inavyoisha makali, siku moja au mbili.

Mwaka 1968 Dennis Smith wa Manchester, Uingereza, akaibadilisha: unga ukabaki wa zinki, asidi ya fosforiki akaweka ya poliakriliki. Hiyo ndiyo polikaboksileti, ya kwanza kushikana kikemia na jino kwa kukamata kalisiamu yake. Ni pole kwa neva. Kasoro yake ni muda: itumie ikiwa bado inang'aa. Ikianza kuvuta nyuzi ukiinua kijiko, imeshakwisha hiyo, koroga nyingine.

Halafu ikaja ambayo kwa maoni yangu ndiyo simenti ya mikoani: glasi ayonoma. Alan Wilson na Brian Kent waliibuni London mwaka 1969, kwenye maabara ya mkemia wa serikali. Unga wake ni glasi yenye alumini, silika na floraidi, asidi ni ileile jamii ya poliakriliki. Inashikana na jino na inatoa floraidi. Adui yake ni maji katika dakika za mwanzo. Mate yakiifikia kabla haijaganda, ukingo wake unayeyuka. Na ukilikausha jino kupita kiasi kwa upepo wa mashine, mgonjwa anaondoka na jino linalosisimka kila akinywa maji ya baridi. Jino liwe kavu lisilo na dimbwi, basi, lisigeuke jangwa. Kuna pia ndugu yake iliyochanganywa na rezini (plastiki ya meno) kidogo, ina nguvu zaidi na haiogopi sana mate.

Mwisho ni rezini yenyewe. Mizizi yake ni kazi ya Michael Buonocore wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1955 kwamba ukiikwangua enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, kwa asidi ya fosforiki plastiki inaing'ang'ania, na Rafael Bowen aliyesajili ile rezini yenyewe mwaka 1962. Inashika kuliko zote. Na ndiyo inayodai masharti kuliko zote.

Karibuni. Maswali ruksa, matusi hapana.

---

Bint Ujiji

Asante kwa somo kaka. Mimi nilitibiwa mzizi wa gego la chini kisha nikavishwa krauni ya chuma yenye kauri juu. Nikauliza simenti gani, nikaambiwa "ya kawaida". Dada yangu yuko Dar, yeye aliwekewa rezini na alilipa hela ndefu kweli. Ananicheka kwamba nimewekewa ya bei chee. Nimeibiwa?

---

Mwisho wa Reli

Dada, hujaibiwa kwa hilo peke yake. Swali la kumuuliza dada yako ni krauni yake imetengenezwa na nini.

Krauni ya chuma, ya chuma na kauri, au ya zirkonia (kauri ngumu sana), ikiwa jino lina kimo cha kutosha, inabandikwa kwa glasi ayonoma na inakaa miaka. Haina haja ya rezini. Krauni ya kauri ya glasi, ile inayopitisha mwanga ukadhani ni jino la kuzaliwa, au yale maganda membamba ya meno ya mbele, ni habari nyingine. Kauri ile huwa dhaifu ikisimama peke yake. Inapata nguvu pale inapogandishwa na jino vikawa kitu kimoja. Hapo rezini ni lazima, na ndani ya krauni inapakwa asidi ya haidrofloriki kwa sekunde chache kisha dawa ya kuunganisha iitwayo sileni, ili rezini ipate pa kushika. Asidi hiyo ni ya kuogopwa, haichezewi mdomoni mwa mtu.

Kwa hiyo dada yako huenda alilipia kilichostahili, na wewe pia. Simenti inafuata krauni na jino, haifuati mkoba.

---

Kiko cha Urambo

Hadithi ndefu. Nyie watu wa meno ni biashara tupu. Krauni yangu ilitoka, nikanunua supaglu ya mia tano pale stendi, nikapaka, nikauma, imekaa. Huu mwaka wa pili natafuna mpaka miwa. Leta hoja.

---

Fundi Plasta

Hahaha huyu Kiko ni mwenzangu. Simenti ni simenti, mimi nachanganya kwa koleo.

---

Mwisho wa Reli

Kiko, naleta hoja, kaa.

Kwanza nakubali kwamba inashika. Supaglu ni sayanoakrileti, na inaganda haraka kwa sababu ya unyevu, kwa hiyo mdomoni inapata inachokitaka. Jamii hiyohiyo ina aina zilizotengenezwa kwa hospitali, za kufunga majeraha ya ngozi. Ya stendi siyo hiyo.

Pili, ulipouma ulijuaje krauni imeshuka mpaka mwisho? Gundi ile haikupi nafasi ya kurekebisha. Ikigandia juu kwa nusu milimita, jino hilo linapigwa kila unapotafuna, na la juu yake linapigwa pia. Ukingoni unabaki uwazi. Gundi yenyewe ikikauka ni kavu, inavunjika vunjika, na katika maji ya uvuguvugu siku nzima inachakaa.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka ulielewe. Je, jino hilo lilitibiwa mzizi kabla ya kuvishwa?

---

Kiko cha Urambo

Ndiyo, lilitibiwa. Kwani vipi?

---

Mwisho wa Reli

Basi neva haipo, na jino lisilo na neva halilii. Linaweza kuoza chini ya krauni miezi na miezi, wewe unatafuna miwa na kunisimanga mimi. Utakachokisikia ni harufu mbaya ukivuta uzi wa meno pembeni, au siku moja krauni inatoka ikiwa na nusu ya jino ndani yake. Hapo hakuna cha kubandika tena, kinachofuata ni koleo la kung'olea. Ili krauni ishikilie jino lililotibiwa mzizi tunataka angalau milimita mbili za jino zima kuzunguka pande zote juu ya fizi. Uozo unakula hizohizo milimita mbili.

Sisemi limeoza. Nasema huna njia ya kujua ukiwa Urambo na kioo cha kunyolea. Nenda ukapigwe picha ya eksirei ya jino hilo, ukikuta salama rudi hapa unitukane kwa raha zako.

---

Kiko cha Urambo

Nitaenda Tabora mwisho wa mwezi nikiuza tumbaku. Ila sitoi supaglu yangu.

---

Mwisho wa Reli

Haina shida mzee wangu. Waambie tu ukweli kwamba ni supaglu, wasikisie.

---

Tabibu wa Kasulu

Mkuu umeeleza vizuri, naongeza ya wilayani. Glasi ayonoma ya kapsuli ni nzuri kwa sababu kiwandani wameshapima unga na maji, lakini inataka mashine ya kutikisa, na mashine inataka umeme. Umeme ukikatika tunarudi kwenye chupa na kijiko. Hapo ndipo mambo yanaharibika. Mtu anachota kijiko chenye mlima, au anadondosha tone chupa ikiwa imelala pembeni, tone linatoka na kiputo cha hewa. Nawafundisha vijana: tikisa kopo la unga kwanza, kijiko kisawazishwe kwenye ukingo wa chupa, na chupa ya maji isimame wima kabisa ikidondosha. Unga ukizidi simenti inakuwa nzito krauni haishuki. Maji yakizidi inayeyuka mdomoni.

Sasa swali langu. Zirkonia zinaanza kufika huku, maabara wanatuletea kutoka Mwanza na Dar. Nikiijaribisha mdomoni inapata mate. Naisafisha kwa ile asidi ya fosforiki ya bluu tuliyonayo ya kuziba meno. Nafanya sawa?

---

Mwisho wa Reli

Ukibandika kwa glasi ayonoma, osha kwa maji, kausha, utakuwa sawa. Ila kama unatumia rezini, acha hiyo ya bluu. Zirkonia inapenda fosfeti kupita kiasi. Mate yana fosfeti, yanakamata uso wake. Ukipaka asidi ya fosforiki unaongeza nyingine tele. Na rezini za zirkonia zinategemea kiungo kinachoitwa MDP, ambacho kinashika kwa kundi hilohilo la fosfeti. Kikija kinakuta viti vyote vimekaliwa.

Njia ni kupuliza mchanga mwembamba wa alumina, mikroni 50, kwa shinikizo la chini, baada ya kuijaribisha na siyo kabla. Ukiwa huna mashine hiyo, zipo dawa maalumu za kusafishia, unapaka, unaacha muda ulioandikwa, unaosha. Na rezini iangalie joto la kuhifadhia kwenye boksi lake. Ikikaa juu ya kabati la bati mwezi wa kumi, usishangae ikigoma.

---

Tabibu wa Kasulu

Nimekupata. Hilo la kupuliza baada ya kujaribisha wengi hawalijui, maabara wanapuliza kwao halafu sisi tunatia mate juu yake.

---

Mama Wawili

Samahanini wakubwa, mimi siyo mtaalamu, niko Mwandiga. Mwanangu wa miaka sita gego lake la utoto limetoboka. Daktari anasema atamvisha "jino la silva" bila kuchonga wala sindano ya ganzi. Nimeshangaa, uozo unafunikwaje humo ndani? Nahofia anataka kukwepa kazi.

---

Mwisho wa Reli

Mama, hakwepi kazi. Ni njia inayojulikana kwa jina la Hall, kutokana na Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti aliyekuwa akiitumia kwa watoto miaka ya 1980, na baadaye watafiti wakaipima wakaona inafanya vizuri kuliko kuziba kwa kawaida. Krauni ya chuma cha pua inachaguliwa inayolingana, inajazwa glasi ayonoma, inasukumwa juu ya gego, mtoto anauma. Vijidudu vilivyobaki ndani vinakosa chakula na uozo unasimama. Jino la utoto linangoja tu muda wake wa kung'oka.

Siku za kwanza atasema meno hayakutani vizuri. Ni kweli, krauni inakaa juu kidogo. Kwa watoto hujirekebisha ndani ya wiki chache. Fizi inaweza kuonekana nyeupe pembeni siku ileile, inarudi. Masharti ni kwamba jino lisiwe limeshaingiwa na usaha au linamwamsha usiku kwa maumivu. Hapo njia hii haifai. Muulize daktari hilo moja tu: "Neva yake bado nzima?" Akikujibu kwa kukuonyesha, mwache afanye.

Na kwa kuwa umegusa glasi ayonoma na watoto, nitoke nje ya mada kidogo. Kuna njia ya kuziba meno bila mashine, kwa vyombo vya mkono tu: unakwangua uozo laini, unajaza simenti, unabonyeza kwa kidole. Siku hizi inafundishwa dunia nzima. Ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi, akiwa na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijijini hakukuwa na umeme wa kuendesha mashine na watu walikuwa wanang'olewa tu. Walianza kwa polikaboksileti. Glasi ayonoma ilikuja baadaye, kwenye majaribio ya Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Na mwaka 2021 shirika hilohilo likaiingiza glasi ayonoma kwenye orodha ya dawa muhimu. Simenti, wakuu, iko orodha moja na dawa za malaria. Kwa hiyo anayeniambia glasi ayonoma ni "ya bei chee" huwa namwangalia tu.

---

Bint Ujiji

Hapo kwenye bei chee nimejua unamsema dada yangu.

---

Mzee wa Gungu

Vijana hamjambo. Sisi zamani jino likiuma tulikuwa tunasaga karafuu tunaweka. Hao madaktari wa kisasa nao nikienda nasikia harufu ileile ya karafuu kliniki. Wametuibia dawa?

---

Mwisho wa Reli

Shikamoo mzee. Pua yako haijakudanganya. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ndiyo inayotuliza neva. Ukiichanganya na oksidi ya zinki unapata simenti ya muda, ile tunayobandikia krauni ya kusubirishia wakati ya kudumu inatengenezwa maabara. Karafuu ya Pemba inazunguka dunia inarudi kwetu kwenye chupa ndogo.

Ila ina ugomvi na rezini. Yujenoli inazuia rezini kukomaa, inabaki laini. Kama mpango ni kubandika krauni ya kudumu kwa rezini, simenti ya muda iwe ile isiyo na yujenoli. Na nyie mnaoweka karafuu wenyewe nyumbani siku moja kabla ya miadi, mwambieni daktari. Hili si la mzaha, wengi wanalificha.

---

Mzee wa Gungu

Marahaba. Basi nitaacha siku hiyo tu.

---

Nyuki wa Sikonge

Mwangaluka wakuu, natokea Tabora. Nilikuwa natafuna sega la asali, nikajikuta natema kitu kigumu, kumbe krauni! Imetoka nzima. Ndani yake imejaa simenti nyeupe, jino lenyewe liko safi kabisa halina kitu. Nimekaa na hiki kitu mfukoni. Naanza kumlaumu nani? Na nina safari ya treni kuja Kigoma keshokutwa, harusi ya mjomba.

---

Mwisho wa Reli

Mwangaluka ndugu. Umeangalia kitu ambacho wengi hawakiangalii, hongera. Simenti ilikobaki inasimulia kilichotokea.

Ikibaki yote ndani ya krauni na jino likawa safi, kama kwako, mshikano uliachia upande wa jino. Mara nyingi jino lilikuwa na mate au damu wakati wa kubandika, au lilikuwa bado na mabaki ya simenti ya muda. Ikibaki yote juu ya jino na krauni ikawa tupu ndani, kosa liko upande wa krauni: haikupulizwa mchanga, haikupakwa kilichotakiwa, au ilikuwa na mate ya kujaribishia. Ikigawanyika huku na huku, simenti yenyewe ndiyo imepasuka: imechoka, ilikorogwa vibaya, au jino limechongwa vibaya na linaisukasuka kila siku. Na kama ukiigeuza unaona kitu cha kahawia laini, huo ni uozo, sahau simenti.

Hii siyo hukumu ya mahakama. Ni dalili ya kuanzia. Jino fupi litakupa picha hizihizi zote kwa zamu.

Usimlaumu mtu kabla hajakuona. Rudi kwa aliyeiweka, mpe na krauni ikiwa na simenti yake ndani, usiikwangue kwa sindano. Wengi wanaikwangua nyumbani wanapinda ukingo wa chuma au wanapasua kauri, krauni iliyokuwa nzima inakuwa takataka.

Kuhusu safari: iweke kwenye kikopo kigumu chenye mfuniko. Usiifunge kwenye tishu, kwenye treni tishu inatupwa dirishani. Usilale nayo ikiwa imekaa juu ya jino bila kushikwa, ukiivuta pamoja na hewa inaenda mapafuni. Tafuna upande mwingine, piga mswaki lile jino taratibu kama mengine, litasisimka kama lina neva. Usikae wiki nyingi bila kuirudisha, meno ya jirani na la juu yake yanasogea, na ukija krauni yako mwenyewe haikuingii. Ukifika Kigoma sisi tunaweza kukubandikia kwa simenti ya muda ili ule pilau ya harusi kwa amani, ila ya kudumu nakushauri urudi kwa aliyechonga, ana kumbukumbu zako.

---

Nyuki wa Sikonge

Nimesoma nikiwa nimeshika sindano mkononi. Naiweka chini.

---

Msomi wa Mwanga

Mkuu, vipi wenye meno ya kupandikiza, yale ya skrubu kwenye mfupa? Nayo yanabandikwa kwa simenti hizi?

---

Mwisho wa Reli

Mengine yanabandikwa, mengine yanafungwa kwa skrubu. Kwenye yanayobandikwa hofu kubwa ni mabaki ya simenti yaliyosukumwa chini ya fizi wakati wa kubonyeza. Jino la kawaida lina nyuzi zinazolishika kwenye mfupa na fizi inalizingira vizuri. Kipandikizi hakina ulinzi huo, na simenti iliyosahaulika humo inaleta uvimbe, usaha, na mfupa unaliwa. Kwa hiyo simenti kidogo, na kusafisha kwa subira. Hilo la kusafisha ni kwa krauni zote, ila kwenye kipandikizi halina msamaha.

---

Fundi Plasta

Sasa mimi nimeacha utani. Mke wangu anabandikiwa kesho, bridge ya meno matatu, ile ya kuziba pengo kwa kushikiliwa na meno ya pembeni. Ale nini, asile nini, na kwa muda gani?

---

Mwisho wa Reli

Inategemea ni simenti gani, ndiyo maana amuulize daktari kabla ganzi haijamfanya ashindwe kuongea.

Glasi ayonoma na zinki fosfeti: asitafune upande huo saa ya kwanza kabisa, na siku nzima hiyo ale laini, ugali na mgebuka uliotolewa miba unatosha. Zinazidi kukomaa kwa saa 24 na zaidi. Rezini iliyopigwa mwanga imeshashika akiinuka kitini, lakini sehemu ambayo mwanga haukufika ndani ya chuma inakomaa taratibu, kwa hiyo naye asikimbilie mahindi ya kuchoma. Ganzi ikiwa bado ipo asile kabisa, atajiuma shavu.

Uzi wa meno akiupitisha, autoe kwa kuvuta pembeni, asiuinue juu, siku hizo za mwanzo. Chini ya bridge uzi wa kawaida haupiti kutoka juu, aombe ule mgumu wa kupenyeza au kibrashi kidogo. Hapo ndipo bridge nyingi zinafia, jino moja la nguzo linaoza kimyakimya huku simenti ya jino la pili bado imeishika bridge nzima.

Akisisimka kidogo siku za kwanza kwa maji ya baridi, si ajabu. Lakini akiuma chakula likamgonga au likauma, asingoje lizoee. Mara nyingi ni kimo tu: karatasi ya rangi ya kuonyesha panapogonga, kuchonga kidogo, dakika chache ameondoka.